Mpapai Nyuma ya Bafu

Wifi yangu Kinaai alikuwa hajawahi kumnyima mtu kitu. Sisemi hivyo kwa kumsifu, nasema kwa hasira. Ukimwomba mkeka alioukalia, anasimama, anaukunja, anakupa. Kwetu kisiwani Arorae mtu akikuomba kitu lazima utoe, hilo kila mtoto analijua. Lakini wengine tuna akili, tunaficha. Mimi kopo langu la sukari liko chini ya kitanda, na ukija kuomba utanikuta nimeshaanza kulia shida kabla hujafungua mdomo. Kinaai hafichi. Alikuja hapa bibi arusi kutoka kisiwa cha Tamana, akaolewa na kaka yangu, na mama yetu, Mungu amlaze pema, akampokea mlangoni kwa maneno haya: "Watu wa Tamana wachoyo. Haya, tutaona." Basi mama amekufa, kaka yangu naye amekufa, na yule mwanamke bado alikuwa anamjibu mama.

Enzi za kuchimba fosfeti ya mbolea waliishi kisiwa cha Nauru, yeye na kaka, na huko alifua nguo za wazungu mpaka Kiingereza kikamwingia. Waliporudi wakajenga chumba cha wageni: kuta za mbao, paa la bati, na tangi la saruji pembeni la kukinga mvua. Wageni wenyewe nani? Arorae haina hoteli wala kelele. Kwa mwaka anakuja mtu mmoja, wawili, wanakwenda ncha ya kaskazini kuyaona yale mawe ya mabaharia wa kale, wanapiga picha, wanalala, na wiki inayofuata ndege inawachukua. Kinaai anawatendea kama wakwe.

Mwaka ninaousimulia mvua ilikata. Si kwamba ilichelewa, ilikata. Visima vikaingia chumvi, migomba ikalala, minazi ikapukutisha vidafu vidogo kama ngumi, na ukikipasua kimoja unapata tone la kulowesha ulimi tu. Tangi la kanisa likakauka, na mengine yakafuata moja moja. Likabaki la Kinaai, kwa kuwa chumba cha wageni hakikuwa na mtu. Wazee wakaitana chini ya paa la maneaba, ukumbi wetu wa kijiji, wakatangaza: hakuna ruhusa kwenda kuomba maji kwa Kinaai. "Mnamjua," alisema Mzee Uering, "atawapa yote." Maji yale yakaachwa kwa mgeni aliyekuwa anatarajiwa, na kwa Taabeta, mjukuu wake Kinaai, ambaye mama yake yuko kazini Tarawa, kisiwa cha mji mkuu. Mtoto mwenyewe hata meno ya mbele hajaanza kung'oa. Sisi watu wazima tukabaki na maji ya kisima, tunachemsha, tunafumba macho, tunameza.

Mgeni akashuka kwenye ndege. Mdenmaki, mwalimu mstaafu, mrefu, mpole, jina lake Aksel, ila ndimi zetu zikamgeuza Akitere na akaitika. Tukamchinjia kuku wa mwisho. Tulipokuwa tunakula, Mzee Uering akasimama akazungumza kwa lugha yetu, akitabasamu ili mgeni adhani anakaribishwa: "Mgeni asiijue shida yetu. Amekuja kupumzika. Asije akarudi kwao akasema alilala kwa watu wenye kiu." Sote tukaitikia kwa vichwa. Na mimi niliitikia. Kwa wiki moja, jamani, maji yalikuwa yanatosha.

Ndege ikaharibika huko Tarawa. Wiki ya kwanza redio ikasema kesho. Ya pili ikasema wanasubiri kipuri. Baadaye redio ikawa haisemi kitu.

Na kila asubuhi Kinaai anajaza ndoo, anaipeleka kwenye bafu la makuti la mgeni. Kila jioni, ndoo nyingine. Sisi tunakaa barazani tunasikia maji yanamwagwa, chwaa, chwaa, na roho zetu ziko juu. Nyuma ya bafu lile kulikuwa na mpapai, na katika kijiji kizima huo ndio mti pekee uliokuwa na majani ya kijani, na mapapai yake yamenenepa. "Ona," nikamwambia Kinaai, "hata mpapai unaoga."

"Acha maneno yako, Ruuta."

"Siachi. Mwambie yule mtu."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba maji yanakwisha! Kiingereza unacho, mimi changu kinaishia kwenye salamu."

"Mtu kavuka bahari yote ile aje kupumzika, nimwambie usioge?"

"Bahari iko hapo, maji mpaka Amerika! Akaoge huko!"

"Chumvi itamwasha. Ngozi zao unazijua, kama za watoto wachanga."

"Na ngozi ya mjukuu wako je?"

Akapata kazi ya kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Nikajua nimemgusa, nikafurahi kidogo, maana mimi nina tabia hiyo.

Kumbe alishaanza kufanya hesabu yake kimyakimya. Alikuwa anagonga tangi kwa kidole, anasikiliza linavyolia tupu, kila siku chini zaidi. Badala ya kumpunguzia mgeni akampunguzia mtoto. Akamchanganyia maji ya kisima yaliyochemshwa, kikombe hiki na kile, mpaka Taabeta akawa anakunywa yaleyale tunayokunywa sisi. Nilipojua nilitaka kumpiga, nasema kweli.

Mtoto akaanza kuhara. Siku ya kwanza tukasema ni yale makombe tuliyookota mwambani. Siku ya pili hakuamka kucheza. Siku ya tatu ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Nesi Meere akaja na pakiti zake za dawa, ile ya sukari na chumvi inayochanganywa na maji.

"Maji matamu," akasema. "Si ya kisima. Ya kisima yana chumvi tayari, nikichanganya humo namuua. Na nyumbani kwangu halijabaki hata tone. Mama Kinaai, tangi lako lina kitu?"

"Yapo," akasema Kinaai.

Ilikuwa jioni. Akatoka na ndoo, mimi nikamfuata. Bomba likatoa maji, likakohoa, likatoa tena, likakohoa, likanyamaza. Ndoo ilijaa karibu na ukingo. Akalifunga bomba vizuri kabisa, kana kwamba kuna kitu kimebaki ndani, akainua ndoo. Nikamwona anakwenda, lakini si upande wa nyumba. Anakwenda upande wa bafu.

"Wifi! Unakwenda wapi?"

"Saa yake ya kuoga imefika."

Mungu wangu! Nilimtazama usoni na hakuwemo. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nikasimama mbele yake, nikaishika ndoo. Na yeye, mwanamke ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akanong'ona, "Niachie. Isije ikasemwa." Nani atasema? Mama yangu aliyezikwa? Maji yakacheza ukingoni, nikaogopa yatamwagika, nikaachia. Mpaka leo mikono hii naichukia.

Akaiweka ndoo ndani ya bafu, akagonga ubao kumwita mgeni kama kawaida, akarudi. Nesi alikuwa mlangoni na kikombe mkononi.

"Yako wapi maji?"

Kinaai akakaa chini kando ya mtoto. Taabeta alikuwa amefumbua mdomo, midomo imepasuka. Tukamsikia mgeni anaingia bafuni. Tukasikia kopo linagonga ndoo. Kisha, chwaa.

Kinaai akashtuka kama aliyemwagiwa yeye.

Chwaa.

Alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu, hata kaka yangu alipokufa hakuitoa, akasimama akakimbia. Mjane wa kwaya, mwalimu wa watoto wa Jumapili, anakimbilia bafu lenye mwanamume ndani! Mimi nyuma yake, nesi nyuma yangu. Alilivuta lile pazia la makuti, likang'oka na kamba yake.

Akitere alikuwa amevaa. Shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, suruali kavu, nywele kavu. Amesimama na kopo mkononi, anamwaga maji kupitia juu ya ukuta wa makuti, nje, kwenye shina la mpapai.

Kinaai akaivamia ndoo akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Ilikuwa imebaki nusu. Yule mzee wa watu akawa mwekundu, akasema maneno mengi mbiombio, mimi sikuelewa hata moja. Nesi ndiye aliyetutafsiria.

"Anasema anaomba radhi. Anasema yeye anaoga baharini, kila alfajiri, kabla hamjaamka. Kwao ndivyo alivyozoea. Lakini Tarawa walimwambia, ukikataa unachopewa na mwenyeji huko visiwani, umemvunjia heshima na nyumba yake. Kwa hiyo alikuwa anamwaga, msikie maji, mjue ameoga."

"Tangu lini?" nikauliza.

Nesi akamuuliza. Akaangalia chini kabla ya kutuambia. "Tangu alipofika. Asubuhi na jioni."

Kinaai hakulia. Alimtazama mgeni, akautazama mpapai, akasema kwa lugha yetu, polepole, "Basi mjukuu wangu nilimnyima kwa ajili ya mti." Akaondoka na ndoo yake.

Nesi alipomweleza mgeni habari ya mtoto na ya tangi, yule mtu alikaa chini pale pale kwenye tope, tope pekee la kisiwa kizima, akafunika uso. Sikumhurumia. Baadaye nilimhurumia, lakini si siku ile.

Nusu ndoo. Nesi alichanganya kidogo kidogo, Kinaai akamnywesha kwa kijiko. Taabeta anatapika, Kinaai anasubiri, anampa tena. Kila kijiko tunakitazama kinavyokwenda mdomoni. Kila mara mtoto akinyamaza, tunainama wote watatu kusikiliza kama anapumua. Mgeni akaja mlangoni akaomba kwa ishara ampokee Kinaai kijiko ili apumzike. Kinaai akatikisa kichwa. Watu wa kijiji wakakaa nje kwenye mikeka, pamoja na Mzee Uering, hakuna anayeimba, hakuna anayeomba kitu. Ndoo ilipofika mahali unaona kitako chake, nilianza kumtafutia mtoto nguo nyeupe, nikaificha chini ya mkeka ili Kinaai asiione. Aliiona.

Kilichotuokoa ni injini. Mlio wa ndege, jamani, kipuri chake kimepatikana, na ndani yake badala ya abiria wameshindilia madumu ya maji kutoka Tarawa. Taabeta akayanywa. Kesho yake akakojoa, na sisi watu wazima tukapiga makofi kwa mkojo wa mtoto.

Siku ya kumuaga mgeni tukakutana tena maneabani. Mapapai yalikuwa yameiva. Kinaai aliyachuma yote kwenye kikapu, akakiweka mbele ya Taabeta, akamkatia moja, anamlisha vipande kwa mkono. Mtoto amekonda, shingo kama ya kifaranga, juisi inamtiririka kidevuni, na Akitere ameketi mbali anamtazama akila. Hotuba zikapita. Mzee Uering akamsifu wifi yangu, kwamba ameulinda uso wa Arorae, kwamba mgeni anaondoka hajakosa kitu. Watu wakapiga makofi. Kisha yule mzee, akicheka, mate yamemjaa, akanyoosha mkono mbele ya kijiji kizima.

"Kinaai, binti yangu, nakuomba. Moja tu."

Kwetu ukiombwa hivyo mbele za watu, hakuna jibu jingine. Tayari nilikuwa nimeinuka kidogo nimpitishie kikapu.

Kinaai hakuinua macho. Alifuta kidevu cha mtoto, akakata kipande kingine.

"Sikupi," akasema.

Mkono wa Mzee Uering ukabaki hewani.

"Haya ni maji ya Taabeta," akasema wifi yangu. "Mwacheni ayanywe."