Buti za Baba Kwenye Njia ya Nyuma

Jirani yangu hapa Sekei ni mlinzi, na kila asubuhi akirudi kazini hugonga buti zake kisigino kwa kisigino kwenye ngazi ili tope lidondoke. Ko, ko, ko. Mume wangu anaendelea kunywa chai yake. Mimi hushika meza. Msinicheke. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, lakini sauti ile hunirudisha kwetu juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa, mwaka ule ambao buti za baba zilitembea bila baba.

Baba alikuwa mfuata nyayo. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, katikati ya baridi, alikwenda kwenye kambi ya wageni upande wa milima ya Monduli, akawaongoza kwenye mawe na miiba wakitafuta nyati. Alikuwa anaweza kutazama ardhi akakwambia nani kapita, kabeba nini na kama ana haraka. Kwa mtu kama huyo, kununua buti halikuwa jambo la kwenda na kurudi.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu. Siku ya soko alinichukua mpaka Tengeru, kwenye viatu vya mtumba vilivyomwagwa juu ya turubai, akainama hapo asubuhi nzima. Alizikunja soli, iliyokunjika katikati kama chapati aliirudisha. Alinusa ndani akitafuta gundi mpya, maana gundi mpya, alisema, ni bandeji, inaficha kidonda. Alivuta uzi kwa kucha. Muuzaji, kijana wa maneno mengi, alianza kuchoka.

"Mzee wangu, chukua hizi. Hizi hazichakai, zinamaliza ukoo!"

"Sitaki zimalize ukoo. Nataka zimalize msimu."

Mwishowe alibaki na jozi moja, nyeusi, nzito, pana kuliko mguu wake. Akaniambia niingize mkono nimwambie nasikia nini. Ndani kulikuwa na baridi, na mbele kabisa vidole vyangu vikakuta vishimo vitano, vya vidole vya mtu mwingine.

"Kuna mtu," nikasema.

Muuzaji alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana tunaziita kafa Ulaya, mdogo wangu, mwenyewe kafia huko. Huyo hana neno."

Baba hakucheka. Aliikandamiza soli ya kushoto kwenye vumbi, akanionyesha alama yake: meno makubwa, na moja la pembeni limevunjika. "Umeiona? Ukiikuta popote, ujue ni mimi."

Aliondoka alfajiri moja nikiwa nimelala. Simu ya nyumbani ilikuwa moja tu, alikwenda nayo, na kule milimani haikupatikana. Tukabaki mimi na mama na ng'ombe wetu mmoja, majira yale ambayo Meru hujifunika ukungu, na mtu akiwa kwenye kahawa unamsikia anakohoa tu bila kumwona. Wezi wa ng'ombe walikuwa wameshafika kwa majirani. Mama akawa anafunga mlango mapema mno.

Asubuhi moja nilipita njia ya nyuma, ile inayotoka kwenye kahawa, inazunguka banda na kuishia mlango wa jikoni. Vumbi letu ni jeusi na laini, linashika kila kitu. Nikaona nyayo. Meno makubwa, moja la pembeni limevunjika. Zilitoka kwenye kahawa, zikazunguka nyumba, zikasimama mlangoni. Nikakimbilia ndani kwa furaha. Koti la baba halikuwepo kwenye msumari. Mama alikuwa peke yake, anapuliza moto. Sikumwambia nilichokiona.

Shuleni tulikuwa tumeambiana, kwa ule uhakika wa watoto, kwamba mtu akifia mbali hurudi kwanza kwake, anazunguka nyumba, anasimama mlangoni asiweze kuingia. Anangoja walio ndani wamtaje jina. Akitajwa, anaondoka na aliyemtaja. Basi nilijua kwamba baba amekufa, na kwamba mama akiziona nyayo zile atamwita. Namjua mama yangu. Asingeweza kujizuia.

Nikakata jani la mgomba nikazifuta zote.

Kesho yake zilikuwepo tena, na kesho kutwa pia. Nikawa naamka kabla ya mama, nafuta kinyumenyume ili nisiache nyayo zangu, na kuna asubuhi nilihisi kabisa kwamba ndani ya ukungu amesimama mtu ananitazama ninavyomfuta. "Nenda tu," nilikuwa nikinong'ona, bila kumtaja. "Tafadhali, nenda." Nilikuwa nalia. Nilimpenda baba yangu, na nilikuwa namfukuza.

Mama naye alibadilika. Panga lilihamia chini ya mto, ng'ombe akahamia jikoni. Asubuhi alitoka, akatazama njia tupu, akarudi ndani haraka. Nikajua anamsikia baba.

Ikaja siku ya ukungu mzito. Ndiyo kwanza nimemaliza kufuta, jani bado mkononi, nikasikia hatua kwenye kahawa. Moja nzito, moja ya kuburuta. Zikasimama mwisho wa njia. Kisha sauti ya baba ikimwita mama kwa jina langu, lakini nyembamba, kama si yake.

"Mama Elineema! Mama Elineema, mko wapi?"

Mama akatoka jikoni mbio akilitaja jina la baba. Nikamrukia, nikakamata kitenge chake kwa mikono yote miwili, nikipiga kelele asiende, amekufa, asiende. Tukaanguka wote vumbini.

Baba akatokea kwenye ukungu, amekonda, anachechemea. Miguuni alikuwa na buti zake za zamani, soli zimefungwa kwa mipira ya tairi.

"Nimekuta hakuna hata unyayo mmoja," alisema. "Nikasema wezi wameshakuja. Wamewamaliza."

"Buti nazivaa kila jioni kama ulivyoniagiza," mama akasema. "Na kila asubuhi kuna mtu kazifuta. Nikajua wamegundua."

Wote wawili wakalitazama jani la mgomba.

Buti mpya hazikuwahi kufika Monduli. Zilikuwa ndani ya gunia, chini ya kitanda. Giza likianza kuingia, mimi nikiwa nakoroga uji, mama alikuwa akizivaa na kupita njia ya nyuma, ili mwizi aone kwamba nyumba hii inalala mwanaume, tena pandikizi la mtu. Baba alikuwa amezichagua kwa ajili ya mlango wetu. Yeye akapanda mawe yale na soli zilizokwisha.

Mama alimvua kiatu cha kulia taratibu. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Vidole viwili havikupona, na baba hakwenda kuwinda tena.

Niliwakasirikia sana. Wangeniambia tu! Miaka mingi niliamini hakuna aliyewahi kuogopa kama mimi. Siku hizi mume wangu akisafiri, wanangu wakiwa wamelala chumba cha pili, nashika kitasa cha mlango tena na tena, na sijawahi kuwaambia. Baba na mama walitaka angalau mtu mmoja katika nyumba ile apate usingizi. Katika sisi watatu, aliyeogopa kidogo kuliko wote nilikuwa mimi.