Mshipi Mbele ya Upote

Nikisikia harufu ya nta, hata ya mishumaa ya dukani tu, hujikuta nimerudi kwenye korido ya nyumba yetu ya Hounslow, London, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akiupaka nta upote, yaani ile kamba ya upinde, kwa kidole gumba, taratibu, huku ndege zikishuka kwenye uwanja wa ndege wa jirani, chini chini kiasi kwamba mtu aliyekuwa akizungumza alinyamaza, akangoja ndege ipite, kisha akamalizia neno lake. Upinde wenyewe ulining'inia kwenye kulabu za makoti, kati ya koti la mvua la Mama na sare ya Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha ndege hizo hizo. Wageni wakiuliza, Mama aliwaambia kwamba mume wake amerudia utoto. Ukweli ni kwamba Baba alikuwa anataka kuliokoa jicho la baba yake, lile moja lililobaki.

Babu aliishi Rufiji. Mto ukifurika, maji huingia kwenye mashamba ya mpunga na kambale huyafuata, na watu wenye akili zao huwategea migono, mitego ya kufumwa, wakarudi nyumbani kulala. Babu aliwapiga kwa mshale wenye kamba, akiwa ndani ya maji hadi magotini. Kamba yenyewe aliifunga mkiani mwa mshale, kama alivyofundishwa. Siku moja, kabla sijazaliwa, kamba ilijizungusha kwenye upote bila yeye kuona. Alipoachia, mshale haukufika mbali. Kamba iliukatisha safari na kuurudisha, ukampiga usoni. Jicho la kulia likaenda. Alipopona alichonga mshale mwingine, akafunga kamba palepale mkiani, akarudi majini. Mimi nilikuwa nampenda sana Babu kwa habari hiyo, na Baba ilikuwa ikimnyima raha.

Ndipo Baba akanunua vifaa vya kisasa. Mishale ilikuwa mizito, haina manyoya. Mbele ya upinde hufungwa chupa ya plastiki, mshipi, yaani uzi wa kuvulia, ukajikunja ndani yake na kutoka wenyewe mshale unaporuka, bila kitufe cha kubonyeza ambacho mzee angekisahau. Kwenye mshale kuna kipete kinachoteleza huku na huku, na mshipi hufungwa hapo, si mkiani. Ukishaweka mshale unakisukuma kipete mbele, na mshipi unakaa mbele ya upote, hauna njia ya kuugusa. Mshale ukiruka, kipete huteleza nyuma hadi kwenye kizuizi. London vitu hivi havikuwa na kazi yoyote, maana sheria ya huku hairuhusu kupiga samaki kwa mshale. Baba angevipeleka mwenyewe, lakini maombi yake ya kibali cha ukaazi yalikuwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, na ukitoka nje ya nchi kabla hayajajibiwa, ni kama umeyafuta kwa mkono wako. Tulikwenda Croydon tukarudi, mimi nikifurahia tramu, Baba akitazama viatu vyake.

"Shikamoo, baba," Baba alisema kwenye simu kila Jumapili. "Bado hawajajibu. Nisubiri, nije nikuonyeshe."

"Marahaba. Maji yakija mimi naingia shambani," Babu alijibu. "Sikungoji wewe wala hao wazungu wako."

Baba akaona hakuna budi vifaa vipelekwe na msafiri, na yeye afundishe kwa simu. Shida ilikuwa moja: Babu angefunga anavyojua yeye, na jicho la pili lingelifuata la kwanza. Kwa hiyo mimi nikafanywa Babu. Baba alinifunga jicho la kulia kwa kitambaa cha Mama, akakaa sakafuni akinipa mgongo, akaniachia sauti tu. Kwa jicho moja tundu la kipete hukudanganya. Unaliona lipo karibu, unachomeka mshipi, kumbe umechomeka hewa. Nililia siku ya kwanza. Baba naye alijifunza kutosema "hapa", kwa kuwa kwenye simu hakuna hapa. Alisema: shika kipete, pitisha mshipi, funga, kanyaga mshipi kwa mguu uvute kwa nguvu uone kama fundo linateleza. Angalia mkono wa shati usinaswe. Halafu mshipi mbele ya upote, mama, mbele ya upote. Mimi nikasikia "upotee". Nikamuuliza kwa Kiingereza, "Before I get lost where?" yaani, kabla sijapotelea wapi? Baba alicheka mpaka akajilaza sakafuni, na Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Mtoto wa Hounslow huyo, utamweza?" Sikumbuki Baba kucheka tena hivyo.

Mwisho wa kiangazi niliweza kufunga yote bila kukosea, na msafiri akapatikana. Kabla hajaondoka, shangazi alipiga simu kutoka Rufiji. Babu alikuwa na presha ya macho, na hospitali walisema uoni uliokwisha potea haurudi. Alibaki kutofautisha mchana na usiku tu. Baba alishukuru, akakata simu, akala chakula chake chote. Kisha akaniita kwenye korido na kunifunga macho yote mawili.

Nilidhani ni mchezo mpya. Nilipapasa kipete, nikapitisha mshipi, nikafunga, nikakanyaga, nikavuta. Fundo lilishika. Nikausukuma mshipi mbele ya upote.

"Vizuri sana, mama," Baba alisema. "Umeona? Inawezekana."

"Baba Zuhura," Mama alisema, na nikajua amesimama karibu yetu. "Na huyo kambale, mzee atamwona kwa jicho lipi?"

Ndege ikapita. Tukaingoja. Ilipokwisha kupita, mimi nilikaa na kitambaa changu usoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunifungua.

Kibali kilitoka Babu akiwa amekwisha zikwa. Leo Baba ana pasipoti ya kumfikisha popote na hakuna mtu anayemngoja. Ndege zinashuka vilevile, mimi nafanya kazi katika uwanja uleule, na upinde uko kwenye kulabu ileile. Mshipi huchakaa hata usipotumika, kwa hiyo kila kiangazi Baba hununua mpya na kuniita. Mwezi uliopita nilikwenda. Nilifunga nimefumba macho. Sijui njia nyingine. Baba akakanyaga mshipi, akavuta, akaniambia fundo kama hili haliwezi kumuumiza mtu. Ni kweli. Halijamuumiza mtu miaka yote hii, wala halijampatia mtu samaki.