Mama wa Kalenda Aliyekosa Kwao

Picha ile ilinigharimu mtamba mmoja mwekundu, mwanangu. Nimehesabu mara mbili: mmoja, mwenye mimba. Wapo wanaosema ni wawili, kwa sababu alizaa mwezi uliofuata. Hesabu hiyo siikubali mchana.

Nakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami kijana mwenye meza ya fremu na vioo nje ya soko la Kisumu. Duka la vitambaa lililokuwa jirani yangu liligawa kalenda yenye picha ya yule mama wa Italia ya zamani, huyo mnayemwona hata leo kwenye makopo ya biskuti. Mikono imelala mmoja juu ya mwingine, nyusi hana, na mdomo ni wa mtu aliyetajiwa bei akakataa kusema ndiyo wala hapana. Nilimtazama nikaona biashara.

Nikamwita Odongo, fundi wa kuchora mabango ya hoteli na vinyozi. Nikamwambia, "Huyu mama tutamuuzia kila mtu, lakini kila mtu amwone ni wa kwao."

"Nibadilishe nini?"

"Nguo."

"Nguo peke yake?"

"Na rangi ya ngozi. Na hiyo milima ya nyuma, weka ziwa."

Hapo nilidhani nimemaliza kazi.

Wa kwanza tulimvisha sari, nikampelekea mwenye duka la vitambaa. Alimgeuza huku na huku. "Alama ya paji la uso iko wapi? Bangili iko wapi? Umeniletea mjane, bwana, na mimi kesho nafungua stoo mpya." Wa pili tulimvisha buibui, nikampeleka kwa Maalim mmoja kule Kaloleni. Akasifu sana kile kitambaa cheusi, halafu akasema, "Kazi nzuri. Sasa futa uso."

"Nikifuta uso, Maalim, utakuwa umenunua nini?"

"Fremu."

Na kweli alinunua fremu. Nilirudi sokoni sijui kama nimeuza au nimeuziwa.

Nikasema basi, tumchore awe wa kwetu. Odongo akampaka rangi ya udongo, akamvisha shanga, nyuma akaweka ziwa na mafunjo yake. Lakini uso ulikataa. Alionekana Mwitalia aliyeshinda jikoni akikausha samaki. "Nipe uso wa mtu," Odongo akasema.

Mfukoni nilikuwa na picha ndogo ya Akinyi, msichana wa Kano, upande wa Ahero. Nilikuwa namposa. Jagam, yule mshenga wetu, alikuwa ameshafika kwao, na tulikuwa tunangoja neno la baba yake, ambaye mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kuonana. Nikampa Odongo ile picha. Akinyi sikumuuliza. Na kwa kuwa Akinyi alikuwa ameubana mdomo mbele ya kamera, kama watu wote wa siku zile, Odongo akauacha mdomo wa Mwitalia.

Sasa wateja wakasimama. Lakini kila mmoja, kabla ya bei, aliuliza swali moja: "Nyar kanye?" Yaani, binti wa wapi? Kwetu mwanamke anajulikana kwa kwao, na asiye na kwao humtundiki ukutani. Ningesema Kano, habari ingefika Kano. Nikasema Uyoma, na ili asikae bure nikamwozesha kwa mwalimu mkuu. Mwenye hoteli moja ya Muhoroni akamchukua siku hiyo hiyo. Odongo akachora wa pili, akanunuliwa na mtu aliyekuwa akipitia Luanda Kotieno, huko huko Uyoma, kuvuka ziwa kwenda Mbita. Huyo niliona Uyoma anaijua vizuri, nikamwambia ni nyar Gem.

Wiki chache baadaye mzee mmoja alifika mezani na kitu bapa amekifunga kwa gazeti.

"Kijana, hii mama umeuza wewe?"

"Ni mimi, Mzee. Kama kioo kimevunjika, kilivunjikia njiani."

"Kioo ni mzima. Ni nyar wapi?"

"Uyoma."

"Uyoma wapi?"

"Karibu na maji."

"Uyoma yote iko karibu na maji. Baba yake unamjua?"

Muuzaji akishaanza, mwanangu, breki hana. "Namjua sana. Mzee mpole. Hana maneno mengi."

"Hapo umesema ukweli," akasema, akakaa kwenye stuli yangu. "Mimi naendesha trekta ya miwa huko Muhoroni. Nimeingia hoteli kunywa chai, nikaona mtoto wangu ananiangalia kutoka juu ya kopo la sukari. Nauliza, naambiwa imetoka kwa kijana wa fremu Kisumu, ni nyar Uyoma, bibi ya mwalimu. Nikainunua. Mwalimu gani?"

Sikujua nimsalimie kama baba mkwe au nimpunguzie bei. Nilifanya yote mawili.

"Jagam aliniambia kijana anauza fremu," akaendelea. "Hakuniambia anauza na watu. Mtoto wangu ana kwao. Ungeuliza, ungeambiwa. Wewe umempa kwao kwingine, ukampa na bwana, na bado unataka kumwoa." Akaifungua picha. "Na anacheka nini? Mama yake tangu jana anasema huyu msichana ana siri."

Nikamweleza kwamba mdomo si wa Akinyi, ni wa mama wa Italia.

"Italia wapi?"

"Sijui, Baba."

"Kumbe hata huyo ana kwao," akasema, "na hakuna aliyeuliza."

Akaondoka na picha. Jagam alirudi na jibu: mzee amekubali, ila kuna ng'ombe mmoja wa ziada, wa ule uso. Hilo sikubishana nalo, na ni bei pekee maishani mwangu ambayo sikubishana nayo.

Akinyi alikuja na picha ile siku ya kuolewa. Nikamuuliza kama amekasirika. Akanitazama kwa mdomo ule ule wa Mwitalia, na mpaka leo sijui kama aliuiga au Odongo aliuona kabla yangu.

Mwanangu, ukitaka kumleta mgeni kwenu, hata awe wa karatasi, usianze na nguo. Anza kwa kumuuliza kwao, kisha uwe na subira ya kusikiliza jibu. Na ukihitaji uso wa mtu, muombe mwenye uso. Mungu akujalie nyumba yako, na kila atakayeangalia kutoka ukutani pako awe anajua ulimkaribisha.

Lakini yule wa pili bado yuko Mbita, nyar Gem, kwa mtu ambaye jina lake sikulichukua. Akinyi anataka arudi, au anataka abaki. Nimemuuliza mara mbili, na mara zote mbili nimejibiwa na ule mdomo. Wewe umesoma. Hebu niambie: niende nikamchukue, au huko sasa ndiko kwao?