Majina ya Pangoni

Dawud Shee alizaliwa Majengo, Nyeri, nyuma ya msikiti, na bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Aliyetoka Lamu ni baba yake, aliyekuja bara kumpikia mzungu mwenye shamba la kahawa, akaoa, akazeeka, akazikwa hukuhuku kwenye baridi. Lakini Majengo walishakata shauri kwamba mtoto wa mtu wa Lamu lazima ayajue maji, na Dawud alichoka kubishana nao. Ujanani alipata kazi ya kuvusha watu na magunia kwenye kivuko cha mto Sagana. Aliifanya miaka kumi na minne, mpaka daraja lilipojengwa. Siku ya kulifungua watu waliimba na kucheza. Yeye alisimama ukingoni na kasia lake, akijiuliza kesho ataamkia wapi.

Aliamkia palepale. Kule chini kidogo ya kivuko, kati ya poromoko moja na jingine, mto hutulia kwa maili kadhaa, na Dawud aliujua kama mtu anavyojua chumba chake gizani. Alichonga mashua pana ya mbao za mtarakwa, inayochukua watu wanane, kisha akaenda kwenye hoteli moja ya wageni huko Nyeri akawaambia: nipeni watu, nitawatembeza kutwa, saa kumi nitawarudisha wakiwa wakavu. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nane, na wageni walikuwa wakija kwa wingi kuutazama mlima. Wengi waliukuta umejifunika mawingu, wakakosa la kufanya. Basi hoteli ikakubali.

Safari ilikuwa na vituo vitatu. Cha kwanza kilikuwa hekalu dogo la Wahindi, lililojengwa na mafundi waliochonga mawe ya daraja la reli, wakaliacha walipohama. Cha pili ni msitu wa mikuyu ambamo wazee wa Kikuyu walikuwa wakichinja kondoo na kuomba mvua. Dawud aliwaambia wageni kwamba hilo nalo ni hekalu, ila halina paa wala mlango, na wageni wakapenda maneno hayo. Cha tatu kilikuwa pango.

Pango ndilo lililomsumbua. Kila mtu pale alijua kwamba wapiganaji wa msituni walilala humo siku chache wakati wa Hali ya Hatari, walipopigana na Waingereza. Lakini hawakuacha alama. Kulikuwa na masizi darini na popo, basi. Wageni waliinamisha vichwa, wakaingia, wakanusa kinyesi cha popo, wakatoka. Siku moja mama mmoja wa kizungu alimwambia, bila ubaya wowote, "Lakini hapa hakuna kitu cha kuona." Na juma lilelile meneja wa hoteli akamwita, akamwambia wageni wanalalamika, labda safari ya mto ifungwe.

Dawud alikwenda pangoni peke yake na kipande cha mkaa. Akaandika jina moja ukutani, usawa wa kifua.

Hakulibuni. Lilikuwa jina la mtu aliyeingia msituni kweli, alilolisikia kwenye kibanda cha chai. Alijiambia kwamba hasemi uongo. Mtu huyo alikuwapo, na huenda alipita humu, nani ajuaye? Safari iliyofuata wageni walivua kofia. Mmoja alilia. Dawud akaongeza jina la pili, la tatu, mpaka yakafika kumi na moja, kila moja kwa mwandiko wake, mengine kwa mkono wa kushoto. Mkewe, Mwanabibi, mama wa binti yake Mwanaisha, alipoona kucha zake nyeusi alimwuliza, "Siku hizi unavusha makaa?" Naye akacheka tu.

Kibanda hicho cha chai kilikuwa cha Wachuka, ambaye wengi walimwita Mama Kihara, hapo Majengo karibu na stendi ya mikokoteni. Wachuka alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwepesi wa mkono na wa maneno, anayeishi na mama yake mkongwe, Watiri, katika chumba cha kupanga. Ndugu yake wa pekee, Kingori wa Wahome, aliingia msituni mwaka wa hamsini na tatu akiwa kijana, na hakuonekana tena. Vita viliisha, uhuru ukaja, waliokuwa msituni wakashuka na nywele zao ndefu. Watiri alitoka mpaka barabara kuu na kusimama kando yake siku tatu akizitazama nyuso. Tangu hapo hakutaka kuambiwa kwamba mwanawe amekufa, wala hakutaka kuambiwa kwamba yu hai. Alitaka kuonyeshwa mahali.

Hayo yote Wachuka aliyaeleza mbele ya Dawud, akimimina chai. Jina la Kingori lilikuwa la saba.

Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa tatu, Wachuka alimsimamisha Dawud njiani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu mwenye homa.

"Baba Mwanaisha, dereva wa hoteli amekunywa chai kwangu leo. Anasema ati kwa ile pango yako iko majina. Anasema ameona Kingori wa Wahome. Ni ukweli?"

Dawud angeweza kusema ukweli wakati huo, naye alijua hivyo mpaka alipokufa. Badala yake alisema, "Majina ni mengi, Mama Kihara. Kina Kingori ni wengi."

"Kina Kingori wa Wahome wako wangapi? Nipeleke."

"Mashua imejaa."

"Basi nitapika. Wageni hawali? Nitapika chakula yao, nikae pale nyuma na sufuria."

Dawud alimzungusha majuma mawili. Mara mashua inavuja, mara wageni hawataki mtu. Siku ya Jumamosi ya tatu alipofika kivukoni alfajiri alimkuta Wachuka amekwisha kaa ndani ya mashua na kikapu chake, amevaa koti lake la kanisani.

Siku hiyo Dawud alipiga kasia kama mtu anayepeleka maiti. Kwenye hekalu la Wahindi alikaa muda mrefu kupita kawaida, akieleza habari ya kila jiwe. Kwenye mikuyu alieleza maombi ya wazee mara mbili. Aliomba mvua inyeshe, awarudishe. Mawingu yalikuwa kule juu mlimani, meusi, lakini hapa jua lilikuwa kali. Wachuka hakutazama hekalu wala mikuyu. Aliutazama mto unakokwenda.

Walipofika pangoni Wachuka aliacha sufuria ukingoni, akapita mbele ya wageni wote, akaingia. Dawud alimfuata na taa. Hakuhitaji kumwonyesha. Wachuka alipitisha kidole ukutani bila kuligusa jiwe, akisoma kwa sauti ya chini kama mtoto wa darasa la kwanza, jina baada ya jina. Kwenye la saba kidole kilisimama.

Dawud alingoja. Moyoni aliomba mwanamke huyu agundue mwenyewe, aseme mwongo wewe, amnyang'anye taa, amtupie usoni.

Wachuka aligeuka. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Baba Mwanaisha! Kingori hakusoma! Hata siku moja hakuingia shule, alikuwa anachunga mbuzi ya baba. Mimi ndio nilipelekwa shule. Alikuwa ananiuliza jina yake inaandikwa namna gani, na mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa namringia, nikakataa kumwonyesha." Alishika mkono wa Dawud kwa mikono yake yote miwili. "Alijifunza! Huko msituni kuna mtu alimfundisha. Angalia vile ameandika, hata hakukosea!"

Wageni walisimama mlangoni, hawakuelewa maneno, lakini baadhi yao walianza kufuta macho. Dawud akasema anakwenda kutazama mashua. Alitoka, akaifungua kamba ya mashua, akaifunga tena.

Njia nzima ya kurudi Wachuka hakunyamaza. Alikaa karibu na kasia akimweleza jinsi Kingori alivyokuwa akipiga mluzi, jinsi alivyogawa ndizi kwa kuipima na jicho moja. Kisha akasema, "Jumamosi ijayo nitaleta mama. Tutambeba na blanketi. Anasema macho yake hayaoni mbali, lakini karibu anaona. Ataweka mkono yake hapo kwa jina."

Maji yalikuwa yamebadilika rangi. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu, na juma lijalo mto huu ungekuwa wa kumla kijana mzima, sembuse bibi wa miaka themanini. Dawud aliliona hilo, akaona pia kwamba hata mto ukitulia kama maziwa hataweza kumshusha Watiri kwenye lile jiwe na kuutazama mkono wake ukilipapasa jina.

Walipotia nanga, wageni wakapanda gari la hoteli. Dawud alimwita Wachuka kando.

"Mama Kihara, jina lile si Kingori aliyeandika. Ni mimi."

Wachuka alikuwa bado anatabasamu. "Wewe namna gani?"

"Niliandika mimi. Kwa mkaa. Yote kumi na moja. Ndugu yako sikumjua. Nilisikia jina lake kwako, nikinywa chai."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe, kisha likashuka taratibu. Dawud alisubiri kofi. Hakupigwa.

"Kwa hivyo hakujifunza," Wachuka alisema.

"Sijui."

"Hapana, unajua." Aliokota kikapu chake. Dereva alimwita apande gari, hakugeuka. Alishika barabara ya Karatina kwa miguu, na koti lake la kanisani, na mvua ikaanza.

Dawud hakulala. Asubuhi alichukua ndoo na brashi ya kufulia, akapiga kasia peke yake juu ya maji yaliyokwisha kuvimba, nusura apoteze mashua kwenye kona. Alianza kusugua kutoka juu. Jina la kwanza lilitoka, la pili likatoka. Maji meusi yalitiririka ukutani, yakapita juu ya majina mengine yaliyokuwa chini, karibu na sakafu, ambayo hakuyajua. Akasimama. Alileta taa. Kulikuwa na mengine tisa. Yaliandikwa kwa kalamu ya risasi, mengine kwa ncha ya kisu, moja kwa herufi za mtu anayetetemeka, na pembeni yake tarehe ya mwaka uliopita. Watu walikuwa wamekuja, kwa miguu labda, kupitia mashambani, kuwaandika watu wao walipoona wengine wameandikwa. Na sasa maji yake ya mkaa yalikuwa yamefunika sita kati ya hayo. Alijaribu kuyapangusa kwa kanzu yake, na kadiri alivyopangusa ndivyo yalivyopotea.

Siku ya nane, Mwanabibi alifungua mlango akamkuta Wachuka amesimama nje. Hakutaka kuketi. Alizungumza akimtazama Dawud kidevuni, si machoni.

"Nilimwambia mama kila kitu. Sikumficha. Alinyamaza wiki nzima. Leo amesema nikuambie, hata kama ni wewe uliandika, ni jina ya mtoto wake. Miaka kumi na tisa hajaona mahali hata moja imeandikwa. Si kwa kitabu ya serikali, si kwa kanisa. Anasema umpeleke."

"Nimelifuta, Mama Kihara."

"Hata hiyo?"

"Kesho yake tu. Nilidhani ndiyo haki."

Wachuka alitikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa na mwingine. "Nyinyi mnaoandika na kufuta," alisema, akaondoka.

Mwanabibi ndiye aliyemsukuma mumewe kwenda kwa mkongwe. Dawud alimkuta Watiri amelala kando ya moto, mdogo kama kifurushi cha nguo. Dawud alipiga magoti, akasema yote tangu mwanzo, na kuomba msamaha. Mkongwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwandika mahali gani?" aliuliza. "Juu ama chini?"

"Juu, cucu, bibi yangu. Usawa wa kifua changu."

"Na nani alikuwa karibu na yeye?"

Dawud akamtajia jina la sita na jina la nane.

"Hao siwajui," Watiri alisema. Akageuka akaelekea ukutani, na wala hakumwambia nimekusamehe wala sikusamehe. Wachuka alimfungulia mlango.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nzito. Watiri alifariki mwezi wa tano, na wanaume wa Majengo, Waislamu kwa Wakristo, walikwenda kuchimba kaburi kwenye udongo mwekundu uliojaa maji. Dawud alichimba pamoja nao. Hakuna aliyemfukuza. Wachuka aliwapa wote uji, na kikombe cha Dawud alikiweka chini, hakumkabidhi mkononi.

Mashua hakuishusha tena majini. Alimwambia meneja wa hoteli kwamba pangoni hakuna kitu. Akaenda Kagio kupakia nyanya na mchele kwenye malori, akarudi Majengo kila mwisho wa mwezi. Na popote lori lilipompeleka, Timau, Nanyuki, Embu, aliwauliza wazee waliowahi kuwa msituni kama walimjua kijana aitwaye Kingori wa Wahome, aliyekuwa akipiga mluzi. Mmoja alimwambia alipigwa risasi karibu na mto Chania. Mwingine akaapa kwamba alikufa kwa kuhara, wakamfunika kwa majani. Wa tatu alisema alimwona akiwa hai, amefungwa pingu, ndani ya lori, mwaka wa hamsini na sita.

Dawud alizihifadhi habari zote tatu kichwani. Mara nyingi alifika mpaka kwenye kona ya kibanda cha Wachuka, akamwona akimimina chai, akasimama. Hakujua ipi ni ya kweli, na hakuthubutu tena kumpelekea hata moja.