Upande wa Mihogo

Kila nikipita dukani kwenye vifaa vya ujenzi na kunusa glovu mpya za ngozi, namwona baba golini.

Zake zilikuwa glovu za kazi, zimechakaa mgodini, na ndizo alizodakia. Mwaka ule sisi wa Kewanja tulikuwa mabingwa wa ligi. Nyansurura, nyumbani kwao mama, walikuwa wamechukua kombe. Mechi ya ngao ndiyo ingesema nani mkubwa. Mama aliwapelekea ndugu zake kibuyu cha maziwa ya mgando, halafu akaja kusimama nyuma ya goli la mumewe, lenye shamba la mihogo upande mmoja na barabara upande wa pili.

Mechi ikaishia kwenye penalti. Ya mwisho, ya kuamua, akapewa mjomba, mdogo wake mama.

Baba akageuka nyuma. "Mama watoto, huyu anapiga wapi?"

Uwanja mzima ukacheka. Mama hakucheka. "Upande wa mihogo," akasema.

Baba akaruka upande wa barabara. Mpira ukaingia upande wa mihogo.

Tulirudi kwa miguu mpaka mtoni.

"Nilikwambia," mama akasema.

"Nilijua unawatetea ndugu zako."

"Watoto wote hawa nimekuzalia, na bado mimi ni mgeni kwako?"

Baba alimtua mama kile kibuyu kitupu, akajitwika mwenyewe, akakishika kwa glovu zake mbili. Pale kijijini wazee walikuwa wamekaa njiani, wakaacha mazungumzo kumwangalia mwanaume aliyejitwika kibuyu cha mkewe.

"Shikamooni wazee!" akawaamkia kwa sauti kubwa, wala hakukishusha.