Mama Hakupenda Baridi

Mama yangu alizaliwa Njombe, na hakuna kitu alichokichukia duniani kama baridi. Alipohamia kwetu Goba baada ya baba kufariki, jambo la kwanza alilofanya ni kuzima feni ya sebuleni. Sisi tulijipepea na magazeti, yeye amekaa na kanga mbili mabegani. Mtu akisahau kurudishia mlango wa uani, sauti yake ilifika mpaka getini: "Funga mlango, baridi inaingia!" Baridi ya Goba, jamani. Watoto walikuwa wanamwigiza na yeye mwenyewe anacheka.

Kuhusu kufa kwake alishatoa maagizo. Ndugu zake wakija kutaka kumrudisha Njombe kumzika, tukatae. "Nimetetemeka vya kutosha," aliniambia. "Nizikeni hapahapa kwenye joto. Msinirudishe kwenye baridi, mwanangu." Nilidhani anatania, lakini aliushika mkono wangu mpaka nikaahidi.

Kwa hiyo mume wangu alipopata mafunzo mafupi ya kazi Copenhagen, tukaamua kuunganisha na likizo ya watoto tuzunguke nchi za kule kaskazini, mama alituona wehu. Watu wazima na akili zao wanaifuata baridi, tena kwa ndege! Hata hivyo yeye ndiye aliyetuandaa. Alikwenda na mimi kwenye mitumba ya Tandika, akapekua makoti moja moja, akakataa mengi kwa sababu hayakuwa na bitana. Nilimwambia haya makoti yanarudi kwao kusalimia. Akasema yasalimie tu, mradi yasirudi na nimonia.

Tuna mabinti wawili. Mdogo ndiye wajina wa bibi yake, na ndiye aliyekuwa analala naye. Siku ya kuondoka mama aliwafunga skafu mpaka puani tukiwa bado Goba, watoto wanachuruzika jasho. Mimi akaniagiza kitu kimoja tu: sweta la sufu la huko, zito, lenye shingo ndefu. Joto la Dar, alisema, si la kuaminika.

Copenhagen tuliifurahia, sitaki kusema uongo. Baba yao akienda kwenye mafunzo, mimi na mabinti tunazurura. Katikati ya mji kuna bustani kubwa ya michezo, na kwa kuwa yalikuwa majira ya majani kupukutika, walikuwa wamepanga maboga kila kona na kuwasha taa mchana kweupe. Watoto walipanda farasi wa kuzunguka mpaka nikaona kizunguzungu mimi niliyesimama chini. Miti ilikuwa ya njano na nyekundu, majani yanaanguka yenyewe bila hata upepo. Mdogo akawa anayaokota na kuyajaza mfukoni, ya bibi.

Jioni tulipiga simu ya video. Mama hakutaka kuona majengo wala maboga.

"Nionyesheni miguu," alisema.

Watoto wakainua miguu ahesabu soksi. Nilipomwonyesha sweta, la rangi ya udongo, alisogeza uso kwenye simu mpaka nikabaki naona paji la uso tu.

"Livute nilione. Lisije likawa jepesi."

"Zito, mama. Hili hata Njombe wangelikubali."

"Haya. Liweke vizuri, usije ukalivaa wewe."

Mafunzo yalipokwisha tukapanda treni, tukavuka lile daraja refu la baharini kuingia Sweden, tukaendelea mpaka Stockholm. Tangu hapo simu za nyumbani zikabadilika. Mdogo wangu, tuliyemwachia mama, ndiye aliyekuwa anapokea, tena kwa sauti tupu, picha kaifunga. Mara mama kalala. Mara mama yuko bafuni. Siku iliyofuata mama kaenda jumuiya. Mama huyu ambaye magoti yalikuwa hayamfikishi hata dukani?

"Kaenda na nani?" niliuliza.

"Na majirani, dada. Mbona una wasiwasi hivyo? Nyie tembeeni."

Nyuma yake nilisikia viti vya plastiki vinapangwa. Vile viti vina mlio wake, vikiburutwa vingi kwa pamoja kwenye sakafu. Nikamuuliza kuna nini hapo nyumbani. Akasema jirani ana shughuli, kaomba vipangwe kwetu.

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Anaachwa afike, anakalishwa, watu wanamshika huku na huku, ndipo anaambiwa. Mimi mwenyewe nimeshawafanyia wenzangu, nimeshasema kwenye simu kwamba fulani kalala. Nilikata simu nikamtazama mume wangu. Alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Mchana huo tulikwenda kwenye makumbusho yenye meli ya kale iliyopinduka bandarini, ikakaa chini ya maji miaka na miaka kabla ya kuopolewa. Imesimama nzima ndani ya jengo, nyeusi, ndefu kwenda juu kuliko kanisa letu. Mle ndani ni giza na baridi, kwa ajili ya kutunza mbao. Binti mkubwa alikuwa anasoma maelezo kwa sauti. Mdogo alikuwa amesimama mbele kidogo, ameipa meli mgongo, anatazama pembeni kusiko na kitu.

"Abee, bibi!" akaitika.

Watu wawili watatu waligeuka. Nilimfuata mbio nikamshika bega.

"Nani kakuita?"

"Bibi."

"Bibi yuko Goba. Anasemaje?"

"Anasema tufunge mlango, baridi inaingia."

Alisema bila kuogopa, bila kuigiza, kisha akaniuliza kama tutakula chipsi. Nilijiambia mtoto amekumbuka tu maneno anayoyasikia kila siku, na baridi ndiyo imemkumbusha. Ndivyo ninavyojiambia mpaka leo. Lakini dada yake, ambaye hucheka kila kitu, siku hiyo hakucheka, na tulitoka mle bila kuimaliza meli.

Kutoka Stockholm tulipanda meli kwenda Helsinki. Kulikuwa na chumba cha watoto kimejaa mipira ya rangi, tukawaacha humo, nikamvuta mume wangu nje penye upepo.

"Niambie ukweli. Mama yangu yuko wapi?"

"Mama yuko salama. Usijitafutie presha bure."

Hakunitazama. Nilimchukia pale, namchukia kwa moyo wangu wote, na papo hapo nikamhurumia, kwa sababu alikuwa na machozi na akasingizia upepo. Baadaye alinieleza kwamba kaka yangu alimpigia tulipofika tu Stockholm, akamkataza kuniambia. Alijaribu kubadilisha tiketi turudi mapema, ikashindikana. Alizunguka na siri ile kwenye makumbusho na melini, akiwashika watoto mikono na kuwapiga picha. Kwenye picha zile zote mimi natabasamu, na nikizitazama namwona mwanamke anayejua.

Sikumuuliza tena. Nilijua nikiuliza mara ya pili atasema, na nilitaka mama aendelee kulala, kuoga na kwenda jumuiya kidogo zaidi.

Helsinki kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Tulikwenda kwa boti kwenye kisiwa chenye ngome ya zamani, watoto wakakimbizana kwenye mahandaki. Mimi nimekaa kwenye jiwe nanung'unika: vidole vinaganda, masikio yanauma, nchi gani hii. Sweta la mama lilikuwa ndani ya begi mgongoni. Sikulivaa.

Uwanja wa ndege Dar walikuja wengi mno kutupokea. Kaka yangu, ambaye hajawahi kunibebea hata kikapu, alichukua begi bila neno la utani. Tulipokata kona ya kwetu niliona turubai limeinuka juu ya ukuta. Wanawake walinipokea garini, wakanikalisha kwenye mkeka. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa amefika kutoka Njombe. Yeye alinishika upande mmoja, mdogo wangu upande wa pili. Kaka akaniambia. Moyo wa mama ulisimama, yuko kwenye kiti chake, na kanga zake mbili. Ilikuwa siku tuliyovuka daraja.

"Wajomba walitaka Njombe, nimekataa. Anazikwa hapahapa alivyotaka," alisema kaka. "Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

"Kanisubiri wapi?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Msiba nilikuwa nao tangu Stockholm. Hili nilikuwa sijaliwaza hata mara moja. Wakati mimi nanung'unika juu ya vidole vyangu, yule niliyemwahidi kumkinga na baridi alikuwa ndani ya jokofu la hospitali, ananisubiri nimalize kutembea.

Asubuhi yake tulikwenda kumvalisha. Waliobaki wamelowa jasho nje, sisi tuliingia wawili, mimi na mama mdogo. Mhudumu alimtoa kwenye chumba cha ndani, akamlaza mezani. Nikafungua begi nikatoa sweta.

"Sweta zito namna hiyo, mwanangu?" mama mdogo aliuliza. "Na joto lote hili la Dar?"

"Mguse kwanza, mama mdogo."

Alimgusa mkono. Akauacha mkono wake juu ya ule wa dada yake muda mrefu. Kisha akashika mkono mmoja wa sweta, mimi nikashika wa pili, tukamvalisha taratibu, tukampandisha ile shingo ndefu mpaka kidevuni. Nilikuwa nimeinama nanyoosha pindo, sioni mtu, niliposikia nyuma yangu:

"Funga huo mlango, baridi inaingia."

Alikuwa mama mdogo, anamwambia mhudumu. Sauti ni ileile, walizaliwa tumbo moja. Lakini mimi nilikuwa nimeshaitika abee.