Mtori Kando ya Mto Thames

Harufu ya vituo vya treni za chini ya ardhi vya London haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Ni hewa ya uvuguvugu iliyochanganyika na vumbi lililoungua na chuma kilichosuguana, nayo hukupiga usoni kabla treni yenyewe haijachomoza gizani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoinusa mara ya kwanza, nimeung'ang'ania mkono wa rafiki yangu Neema huku ngazi za umeme zikituteremsha na Mwalimu Shayo akituhimiza tusimame upande wa kulia. Tulikuwa kikundi cha ngoma cha shule yetu ya Moshi, tumealikwa na shule moja ya huko, na baada ya maonyesho wenyeji wetu walitutengea siku chache za kuutazama mji. Wenzangu walikuwa na hamu ya kuona majumba ya wafalme na madaraja yanayofunguka katikati. Mimi nilikwenda kumwona mama yangu.

Mama aliondoka Moshi nikiwa na miaka mitatu, akaniacha kwa bibi, mama yake mzazi. Aliishi Barking, upande wa mashariki wa London, akiwahudumia wazee wasiojiweza majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Kibali chake cha kuishi kule kilichelewa mwaka baada ya mwaka, naye aliogopa kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi, na mshahara ule ndio uliokuwa ukinisomesha. Sauti yake niliijua vizuri, maana kila Jumapili tukitoka kanisani alipiga simu. Sura yake niliijua kwa picha moja tu iliyosimama juu ya kabati la vyombo: msichana mwembamba, nywele amesuka, anacheka. Bibi alizoea kusema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, nami sikupata kujua kama alikuwa akimlaumu mwanawe au akimwonea huruma.

Tulipangiwa kukutana naye karibu na ule mnara wa saa mashuhuri wa London, asubuhi, akitoka kwenye zamu ya usiku. Ilikuwa majira ya Pasaka, jua linawaka lakini halipashi joto, na upepo wa mtoni ulipenya hadi ndani ya makoti tuliyoazimwa. Wote tulivaa kofia nyekundu ili tusipotee. Nilikuwa nikimtafuta yule msichana wa kwenye picha, kwa hiyo sikumtilia maanani mama mmoja mnene aliyeshuka kwenye basi, sare ya buluu ikichungulia chini ya koti lake, mkononi mfuko wa plastiki. Alituangalia, akaanza kukimbia. Akanipita. Akamkumbatia Neema, akamkandamiza kifuani huku akisema, "Mwanangu, mwanangu, umekuwa mkubwa."

Neema alikuwa mtoto mwenye adabu. Alingoja hadi mikono ile ilipolegea, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama. Mimi ni Neema. Upendo ni huyu hapa."

Sijaona tena uso wa mtu ukibadilika vile. Mama alinigeukia, akacheka kidogo, akajifuta macho, akanikumbatia pia. Lakini kumbatio lile la pili lilikuwa la mtu anayeogopa kuvunja kitu. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba. Sikuwa na hasira hata kidogo, kwani mimi nami sikumtambua. Nilichohisi ni haya, kana kwamba nilikuwa nimekosea kukua, na nadhani naye alihisi kwamba amekosea kunenepa. Siku nzima tulitembea bega kwa bega namna ile, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Mbele ya jumba la malkia, Mwalimu Shayo alimwomba atueleze habari za mahali pale, yeye akiwa mwenyeji. Mama akainamisha kichwa. "Mwalimu, hata mimi leo ndiyo napaona. Kila siku natoka nyumbani, naingia treni chini kwa chini, natokea kazini." Mwalimu akacheka kwa upole, akasema, "Basi mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamtazama mama akiwakodolea macho wale askari wenye kofia za manyoya, mdomo wazi kama sisi, na kwa dakika chache nilimpenda bila kujilazimisha.

Mchana tuliketi kwenye benchi kando ya mto. Kutoka kwenye ule mfuko alitoa chupa ya chai, na ndani yake haikuwamo chai bali mtori. Alikuwa amezunguka maduka ya Waafrika akitafuta ndizi, akaupika kabla hajaenda zamu. Kwetu mtori hupikiwa mwanamke aliyejifungua, apate nguvu na maziwa. Ndizi hazikuwa zetu na nyama ilikuwa na ladha ngeni, lakini nilikunywa wote, na yeye hakugusa hata tone; alinitazama tu nikimeza.

Kisha boti ya watalii ikafika gatini. Mwalimu Shayo alikwisha kumkatalia mama ombi la kunichukua nikalale kwake Barking, kwa kuwa masharti ya safari hayakuruhusu, na jambo hilo lilimsumbua mwalimu moyoni. Akatujia na kusema, "Mama Upendo, sisi tutazunguka mtoni kama saa nzima. Mkitaka, mtoto abaki nawe hapa." Mama akanitazama. Nikaona macho yake mekundu kwa kukesha, nikadhani anatamani kwenda kulala. Naye, alivyoniambia baadaye, aliona wenzangu wakikimbilia boti, akadhani natamani kwenda nao. "Nenda mwanangu, usije ukakosa," akasema. "Sawa mama," nikajibu. Nikapanda. Kati ya mambo yote yaliyoonyeshwa kutoka kwenye boti ile nakumbuka moja: mama amesimama gatini, akipunga mkono kuelekea kofia nyekundu zote, kwa sababu kwa mbali hakuweza kujua yangu ni ipi. Tuliporudi alikuwa amekwisha kwenda; zamu nyingine ilikuwa ikimngoja.

Sasa mama amerudi Moshi, mgongo umechoka kwa kuinua wazee wa watu. Tunaishi nyumba moja, tunapishana kwa heshima. Mimi humwandalia maji ya kuoga, yeye hushukuru. Tukikaa sebuleni huongea habari za mvua. Mwaka jana, tukichambua maharage, ghafla alisema, "Siku ile mtoni nilitaka ubaki." Nikamwambia, "Nami nilitaka kubaki." Tukaendelea kuchambua. Siku hizi wazazi walio mbali huonana na watoto wao kwenye simu kila jioni, na sidhani kama kuna mama atakayemkumbatia mtoto siye. Jambo hilo nalifurahia na kulionea wivu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wa nyumba hii, mwanangu, ana miaka minne, na kila asubuhi hupanda kitandani kwa bibi yake bila kubisha hodi, akajilaza juu ya tumbo lake na kumvuta masikio. Mimi hupita na ndoo ya maji, nikawasikia wakicheka, nikaenda zangu jikoni.